Tisini na Tano ya Baba Cindy

Kwenye ploti yetu pale Noonkopir, Kitengela, walikuwa wakisema, ukitaka kujua Ndunge ameamka vipi, sikiliza vile anaweka sufuria chini. Sikatai. Hasira zangu ziko karibu na sijawahi kuona sababu ya kuzificha. Lakini hizi ninazotaka kuwasimulia zilikuwa za haki kabisa, na hata Mama Cindy alikubali, ingawa aliyenikasirisha alikuwa bwanake mwenyewe.

Mume wangu Mulei alikuwa dereva wa lori la ng'ombe. Mwenye lori alikuwa Bwana Haibe, Msomali mfanyabiashara wa mifugo hapo Kitengela, mtu mkali lakini asiyependa dhuluma. Haibe alinunua ng'ombe minadani upande wa Kajiado na Bissil, Mulei akawaleta. Miaka tisa walifanya kazi hivyo bila kugombana. Mulei naye ni mtu wa maneno machache mno. Nafikiri Mungu alipokuwa akigawa maneno, yake yote aliniwekea mimi.

Mlango wa pili waliishi Odero na mkewe Apondi, ambao ploti nzima iliwaita Baba Cindy na Mama Cindy, kama ilivyotuita sisi Baba Mutheu na Mama Mutheu. Mama Cindy alikuwa rafiki yangu wa kuombana chumvi na kupeana siri. Baba Cindy alikuwa karani huko Kajiado, mtu msafi, wa kanisa, mkweli, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Tatizo lake lilikuwa moja tu, pikipiki. Tangu aliponunua hiyo pikipiki nyekundu hatukupumzika. Kila jioni akifika, kabla hata hajavua helmeti, alikuwa anatangaza spidi kama mtu wa redio.

"Leo nimegonga mia moja na kumi pale mbele ya Isinya!"

"Na bado umefika ugali ukiwa baridi," Mama Cindy anamjibu.

Tulicheka na kumzoea. Kitu ambacho hatukukizoea ni vile alivyowaona watu wengine. Kwake Baba Cindy, kila mtu barabarani alikuwa mwendawazimu. Akipitwa na kigari kikuukuu cha mwalimu mstaafu, anakuja kutuambia mzee wa watu alikuwa anaenda mia na thelathini, anataka kujiua. Akipitwa na basi la shule, anashika kichwa. "Yawa, mimi niko mia, na basi inanipita! Hawa watoto watafika kweli?" Sisi tulisikitika pamoja naye. Nani angemuuliza swali? Spidomita iko na namba, na namba zimeandikwa kiwandani.

Sasa mwaka huo, 2004, serikali ilikuwa imetoa sheria mpya, ati matatu zote na malori makubwa yafungwe gavana, kile kidude kinachozuia gari lisipite themanini. Lori la Haibe lilifungwa. Mulei alinung'unika siku moja, akazoea. Alikuwa akifika nyumbani amechelewa kidogo, basi.

Jioni moja Baba Cindy akitoka kazini akajikuta nyuma ya lori hilo, limejaa ng'ombe. Akatazama mshale wa spidomita yake. Tisini na tano. Akalifuata mpaka Kitengela, na kila akitazama mshale uko pale pale. Mnafikiri alikuja nyumbani amngoje Mulei, amuulize, jirani yake wa ukuta mmoja? Hata! Alienda moja kwa moja dukani kwa Haibe. "Mzee," akamwambia, "dereva wako amechezea gavana. Ng'ombe wako wanabebwa kwa tisini na tano."

Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Ubaya ni kwamba mwezi uliotangulia fahali mmoja alikuwa amevunjika mguu ndani ya lori, na hakuna aliyejua kwa nini. Haibe aliposikia tisini na tano akadhani amejua. Akatuma Mulei aitwe.

Mimi nilikuwa nakanda unga wa chapati Mama Cindy alipoingia mbio, kitambaa kimeanguka shingoni. "Mama Mutheu, toka! Bwanangu ameharibu huko kwa Haibe, na najua hata hajui kama ameharibu!" Nilitoka na unga mikononi, viatu sijui viliachwa wapi.

Niliwakuta uwanjani nyuma ya duka. Haibe amesimama katikati, Baba Cindy na helmeti kwapani, na Mulei ameegemea lori kama mtu anayesubiri chai.

"Mulei," Haibe akasema, "hii gavana umeifungua?"

"Hapana."

"Ulikuwa unaenda ngapi?"

"Themanini. Haipiti hapo."

"Odero anasema tisini na tano."

"Namheshimu," Mulei akasema. "Lakini haipiti hapo."

Haibe akakuna ndevu. "Warya, mimi sikuwa kwa barabara. Nyinyi wawili ni Wakristo. Biblia iletwe, kila mtu aape. Atakayeapa nitamwamini."

"Niko tayari hata saa hii," Baba Cindy akasema, na nilimtazama usoni, hakuwa akidanganya. "Niliona na macho yangu haya mawili."

Mulei akatikisa kichwa. "Mimi siapi."

Haibe akakunja uso. Mimi nilijua sababu. Kwetu Ukambani kiapo hakichezewi. Babu yake Mulei aliona nyumba nzima ikiisha, watu wakifa mmoja mmoja, kwa kithitu, kile kiapo chetu cha zamani, na aliyekuwa ameapa hakuwa mwongo. Alikuwa amekosea tu. Alidhani anajua kumbe hajui, na kiapo hakikumngoja ajieleze. Tangu siku hiyo watu wa boma la kina Mulei hawaapi, iwe kwa Biblia, iwe kwa udongo. Lakini Haibe angejuaje hayo? Yeye aliona mwanamume anaogopa kuapa. Akanyosha mkono.

"Lete funguo."

Na huyo mume wangu akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akampa. Bila neno!

Ngai, hasira zilinipanda mpaka nikaona giza. Mshahara ndio uliokuwa unalisha watoto, lakini haukuwa mshahara peke yake. Dereva akifukuzwa kwa kuchezea gavana, Kitengela nzima itajua kabla ya giza kuingia, na hakuna mwenye gari atakayempa hata mkokoteni asukume. Jina lake lingekwisha hapo, na jina ndilo kitu pekee nilichowahi kumwona Mulei akijivunia.

"Ngojeni kwanza!" nikasema, na unga ukaruka. "Bwana Haibe, shahidi wako ni nani? Ni Baba Cindy, ama ni huo mshale wa pikipiki yake?"

Haibe akafikiri. "Ni mshale."

"Basi shahidi aitwe, tumsikie. Kesho lori litoke Kajiado, pikipiki iwe nyuma yake. Wewe uketi ndani na Mulei uangalie saa ya mwendo ya lori. Mimi nitaketi nyuma ya Baba Cindy niangalie yake."

"Wewe? Kwa pikipiki?" Baba Cindy akauliza, akinipima na macho kutoka juu mpaka chini.

"Kwani itapasuka?"

Haibe akacheka kidogo, mara ya kwanza jioni hiyo. "Huyu mama angekuwa anajua kuendesha, lori ningempa leo. Sawa. Kesho. Lakini bila ng'ombe, wao hawana kesi. Mulei akiwa mkweli, kazi ni yake. Akiwa amenidanganya, asirudi hapa, na mwenye kuniuliza habari zake nitamwambia."

Asubuhi Mama Cindy alinivalisha helmeti yake, akanifunga mkanda chini ya kidevu kama anayemtayarisha mtoto kwenda shule. "Mshike vizuri," akaniambia. Halafu akanong'ona, "Lakini si vizuri sana." Tulicheka, na nilihitaji kucheka, kwa sababu chai nilikuwa nimeiacha kikombeni. Mulei alikuwa amekunywa yake akisoma ukuta. Na mimi kwa mara ya kwanza maishani sikujua la kumwambia.

Tulienda mpaka Kajiado, tukageuza pale kwenye kituo cha petroli. Lori likatangulia, Haibe ameketi mbele kando ya Mulei, sisi nyuma. Haki ya Mungu sikuwa nimewahi kupanda pikipiki. Leso ilitaka kuniacha, macho yalitoka machozi, na kila tukipita shimo nilimkumbuka Mwokozi kwa jina. Baada ya mji barabara ikanyooka. Lori likaongeza, likaongeza, halafu injini ikafika mahali ikagoma. Hapo nikajua gavana imeshika. Nikanyosha shingo juu ya bega la Baba Cindy nione mshale.

Themanini ulipita. Themanini na tano. Tisini. Ukafika tisini na tano ukalala hapo kama paka kando ya jiko.

"Umeona?" Baba Cindy akapiga kelele ndani ya upepo. "Mama Mutheu, umeona?"

Nitasemaje sijaona? Ilikuwa pale, namba nyeupe, mshale mwekundu.  Mbele yangu mgongo wa lori, ndani yake Mulei wangu, na hapa chini ya kidevu changu kidude kinachosema Mulei wangu ni mwongo.

"Mimi sifurahii!" Baba Cindy akasema, na kweli sauti yake haikuwa na furaha. "Lakini umeona na macho yako!"

"Nimeona!" nikamwambia. "Na Mulei nimeishi naye tangu nikiwa msichana. Hajawahi kunidanganya hata kitu kidogo kama chumvi! Hii saa yako nimejuana nayo asubuhi ya leo. Saa yako inadanganya!"

"Spidomita haiwezi kudanganya, Mama Mutheu! Ni chuma!"

"Basi ni chuma cha uongo!"

"Kiwanda kizima kidanganye, bwanako peke yake ndiye mkweli?"

"Ndiyo! Kiwanda kizima!"

Na nikampiga ngumi ya mgongo. Sikukusudia, ilitoka tu. Pikipiki ikayumba. Kando ya barabara kulikuwa na Wamaasai wawili na ng'ombe wao, wakasimama kututazama, na mmoja akanipungia fimbo. Mpaka leo sijui kama alikuwa akinisalimia au akinionya.

Kabla hatujafika Isinya tukaona polisi. Alikuwa koplo mmoja mrefu, Kinyanjui, na mbele yake kwenye miguu mitatu ile mashine ya kupima mwendo wa magari, kama kamera ya harusi. Akanyosha mkono. Lori likasimama, na sisi tukasimama. Akaja kwetu kwanza.

"Wewe wa pikipiki, mbona unanusa mkia ya lori hivyo? Ikifunga breki si utaingia ndani na mama?"

Baba Cindy akashuka upesi, uso umefurahi, kama mtu aliyeletewa shahidi wa pili na mbingu. "Afande, uzuri umetupima! Tulikuwa tisini na tano, sivyo?"

Koplo akaenda kwa mashine yake, akarudi. "Sabini na nane."

"Hiyo ni lori?"

"Lori sabini na nane. Wewe sabini na nane. Kwani mlikuwa mmefungwa kamba?"

 Baba Cindy alikuwa amekauka. "Haiwezekani," akasema. "Afande, mimi nilikuwa tisini na tano. Huyu mama ni shahidi yangu. Mama Mutheu, sema ukweli, ulisoma ngapi?"

"Tisini na tano," nikasema, na sijawahi kusema namba kwa raha kama hiyo.

"Umesikia, Afande? Tafadhali, andika tisini na tano!"

Koplo Kinyanjui akamtazama. Akanitazama mimi. Halafu akavua kofia, akainama, akacheka mpaka akashika magoti. "Ndugu yangu," akasema akipumua kwa shida, "mimi nimesimama kwa hii barabara tangu nikiwa na nywele. Kila mtu hunibembeleza nipunguze. Wewe ndiye wa kwanza kunibembeleza niongeze!"

Haibe na Mulei walikuwa wameshashuka. "Saa ya lori ilisema themanini," Haibe akasema. "Wallahi, haikusonga. Nilikuwa naiangalia kama mtu anaangalia maziwa kwa moto."

"Ni sawa," Koplo akamwambia. "Saa za magari hutoka kiwandani zikiongeza kidogo, kusudi mtu asidhani anaenda pole kumbe anakimbia. Hata pikipiki yetu ya kazi inaongeza. Lakini hii ya huyu bwana imezidi. Sabini na nane kuitwa tisini na tano? Hiyo si saa, hiyo ni siasa."

Baba Cindy alikuwa akiizunguka pikipiki yake, polepole. Akachuchumaa mbele, akashika gurudumu, akaushika ule waya mnene unaopanda kutoka hapo mpaka kwa spidomita.  Alipoinua uso ulikuwa uso mwingine.

"Ni ringi," akasema. "Ringi ya gurudumu hili ilipinda kwa shimo mwaka jana. Fundi akakosa saizi, nikamwambia aweke ya pikipiki ndogo." Akatugeukia, akaanza kutueleza kwa mikono, kama anajieleza mwenyewe. Mshale unapata habari zake kutoka gurudumu la mbele. Gurudumu dogo linazunguka mara nyingi zaidi kwa njia ile ile, kama mtoto akitembea na mamake, mama hatua moja, mtoto mbili. Na mshale hauoni njia, unahesabu hatua tu. "Kiwanda kiliongeza kidogo, na mimi nikaongeza juu yake," akasema. Mara akaruka. "Na zile kilomita! Afande, kutoka nyumbani mpaka ofisini hazikuwa zinafika hamsini. Baada ya hiyo ringi zikaanza kupita hamsini. Mwaka mzima nimekuwa nikidhani ni vile nakwepa mashimo!"

Hapo hata Mulei alicheka. Koplo alienda kujishikilia kwa lori. Mimi nilicheka mpaka helmeti ikanifunika macho, na nikamkumbuka yule mwalimu mstaafu na kigari chake, mzee wa watu alikuwa anaenda zake taratibu tu.

Halafu nikaona Baba Cindy ameacha kucheka. Alienda akasimama mbele ya Mulei, helmeti mkononi.

"Baba Mutheu, jana mimi ningeapa," akasema. "Unanisikia? Ningeshika Biblia mbele ya huyu mzee, na singekuwa nadanganya, na wewe ungepoteza kazi na jina. Tunaishi ukuta mmoja. Nilikuwa na mdomo, ningekuuliza. Nisamehe, ndugu yangu."

"Na mimi ndiye niliitisha hiyo Biblia," Haibe akasema. Alimwekea Mulei mkono begani. "Miaka tisa nimekujua, na nikaamini mshale wa mtu. Mulei, lori ni lako, kama bado utanikubali."

"Haina maneno," Mulei akasema. Akawapa mikono wote wawili, akaanza kurudi kwenye lori. Kwake yalikuwa yamekwisha.

"Ngoja, kuna kitu lazima ujue," Baba Cindy akamwita. "Huko nyuma nilimwonyesha mke wako mshale. Akauona vizuri. Akaniambia saa yangu ni ya uongo, wewe hujawahi kumdanganya hata kwa chumvi. Akanipiga na ngumi."

Mulei akasimama. Akauliza kitu kimoja tu.

"Alisema hayo kabla ya polisi, ama baada?"

"Kabla. Mbele yake kulikuwa na tisini na tano peke yake."

Mulei akarudi mpaka niliposimama. Mbele ya Haibe, mbele ya polisi, mbele ya magari yaliyokuwa yakipita, akanifungua mkanda wa helmeti chini ya kidevu, akanivua, akanirudishia kitambaa changu vizuri kichwani. Huyo ni mtu ambaye hata mkono hanishiki watu wakituona.

"Tangu jana usiku nilitaka kukuuliza kama wewe unaniamini," akaniambia. "Nikaogopa kuuliza."

"Mjinga wewe," nikasema, na nikaanza kulia kwa sauti pale kando ya barabara ya Namanga, huku Koplo Kinyanjui akisimamisha magari ili lori letu lirudi barabarani.